Salio Lina Wenyewe

Tuseme unauza viatu vya kike kwa mtandao. Duka lako ni chumba kimoja Sinza, na sasa ni saa nne usiku. Tangu asubuhi ulipoposti mzigo mpya simu haijatulia, na hatimaye umekaa kitandani unaangalia salio: shilingi 3,400,000. Kabla hujalala na furaha hiyo, chukua kalamu. Shilingi 1,540,000 ni za wateja 22 waliolipia kabla, elfu sabini kila mmoja, na viatu vyao bado viko Guangzhou. Shilingi 185,000 ni nauli za boda ambazo wateja wamekutumia wewe ili kesho uwalipe vijana. Shilingi 620,000 zinamsubiri ajenti wa mizigo, la sivyo boksi lako halitoki ghalani. Shilingi 210,000 ni rejesho la kikoba la Jumamosi. Zinabaki 845,000, na hizo zimetokana na pea 20 ulizouza leo kwa elfu 45, ukishatoa gharama za tangazo na vifungashio. Lakini kila pea ilikugharimu elfu 29 mpaka kufika chumbani, kwa hiyo 580,000 ni za kurudisha mzigo. Toa na kodi ya mapato, asilimia 3.5 ya mauzo ya leo, yaani 31,500. Chako wewe ni shilingi 233,500, na humo ndimo inamotoka kodi ya pango, umeme na ada ya mtoto.

Hesabu hii haichukui hata robo saa, ila wachache huifanya. Anayeuza dukani huona bidhaa zikipungua kwenye shelfu na fedha zikiongezeka kwenye droo, akakumbuka kwamba kimoja kimegeuka kingine. Anayeuza kwa simu huona tarakimu moja tu, na tarakimu hiyo haisemi imetoka wapi wala inakwenda wapi. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, tishio kubwa kwa duka la mtandaoni si tapeli, ingawa tapeli yupo na tutamfikia. Tishio ni mwenye duka kutumia fedha ya mtu mwingine akidhani ni yake, iwe ya mteja, ya ajenti au ya serikali.

Nianze na fedha ya mteja aliyelipia kabla, maana hapa ndipo wengi wanapoangukia, tena mara nyingi wakiwa katika kilele cha kuuza. Utaratibu unafahamika. Unaposti picha uliyotumiwa na ajenti au uliyoichukua kwenye tovuti ya Kichina, unatangaza oda zimefunguliwa, watu wanalipa, unaagiza, mzigo unakuja kwa meli mwezi mmoja na zaidi. Faida yake ni kwamba unafanya biashara bila mtaji. Madhara yake ni hayo hayo: mtaji ni wa wateja, na wewe ni mdaiwa wao tangu dakika waliyolipa mpaka watakapokishika kiatu.

Angalia jinsi mambo yanavyoharibika. Oda za mwezi wa kwanza zimelipwa, umeagiza. Mzigo unachelewa kwa sababu umeagiza karibu na mwaka mpya wa Kichina, ule unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, viwanda vimefungwa na wafanyakazi wamekwenda kwao. Wakati huo huo umefungua oda za mwezi wa pili, na fedha zimeingia. Ajenti anasema mzigo wa kwanza umeongezeka ujazo, anataka laki tatu zaidi. Unachukua kwenye fedha za mwezi wa pili, si zipo? Mteja mmoja mkali wa mwezi wa kwanza anadai arudishiwe. Unamrudishia kutoka hapo hapo. Ukifika mwezi wa tatu huna namna ila kufungua oda nyingine, na safari hii si kwa ajili ya kuuza, ni kwa ajili ya kuziba. Kuanzia hapo biashara ni upatu, hata kama mwenyewe bado unaamini unauza viatu.

Na hapo ndipo suala la fedha linapogeuka kuwa la polisi. Mteja anauliza, "Dada mzigo wangu vipi?" Unajibu, "Upo njiani mpenzi." Wiki mbili baadaye anauliza tena, unamjibu vilevile. Mara ya nne humjibu. Mara ya tano unamzuia, asikuone tena. Kucheleweshwa na meli si kosa la jinai. Lakini kumwambia mtu mzigo uko njiani wakati hujauagiza, kisha kumzuia, kunamwezesha kwenda kituoni kufungua jalada la kujipatia fedha kwa udanganyifu, na ushahidi wote umeuandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, na tarehe na saa zipo. Nimewasikia wauzaji wakilalamika kwamba wateja wa siku hizi wanakimbilia polisi. Ukiwauliza kama waliwahi kumtumia mteja picha ya risiti ya ajenti, wanakaa kimya.

Ushauri wangu ni mgumu kidogo lakini unatekelezeka. Fedha za oda zikae kwenye laini nyingine au akaunti nyingine ya benki, ambayo haina kazi nyingine yoyote, na zitoke humo kwa mambo mawili tu: kumlipa muuzaji na ajenti kwa ajili ya oda zile zile, au kumrudishia mteja. Chukua sehemu ya bei kwanza, tuseme nusu, iliyobaki mteja aimalizie mzigo ukishafika Dar es Salaam. Anayeogopa kupoteza wateja kwa utaratibu huu ajue kwamba wengi watampenda zaidi. Usifungue oda mpya kabla zile za zamani hazijapakiwa. Andika masharti mafupi na mteja ayakubali kwa maandishi kabla hajalipa: mzigo unatarajiwa lini, ukichelewa zaidi ya wiki ngapi anaweza kudai fedha yake, atarudishiwa ndani ya siku ngapi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hii amweleze mnunuzi yeye ni nani, anapatikana wapi, bidhaa ikoje na bei yake ni kiasi gani. Ule mtindo wa "bei inboksi" unawachosha wateja, na mbele ya sheria hiyo unakuweka mahali pabaya.

Kuna fedha nyingine inayopotea kimyakimya: thamani ya shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu na shilingi 2,330. Katikati ya 2024 ilishavuka 2,600. Aliyepokea oda kwa bei ya Januari akalipa kiwanda kwa bei ya Aprili alijikuta anawauzia wateja wake kwa hasara huku salio likionekana zuri tu. Baadaye, mwishoni mwa 2024, shilingi ikapanda thamani ghafla, na waliokuwa wamejaza stoo kwa dola ya bei mbaya wakazidiwa bei na walioagiza baadaye. Kwa hiyo usiulize tu kiatu hiki nilikinunua kwa kiasi gani. Uliza nikitaka kununua kingine leo nitahitaji kiasi gani, na bei yako ianzie hapo. Ukishapokea fedha za oda, nunua mapema uwezavyo. Kukaa nazo wiki tatu ukingoja oda ziwe nyingi ni kucheza kamari kwa fedha za watu.

Lakini usijaribu kukwepa tatizo hilo kwa kutangaza bei kwa dola. Tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya ndani ya nchi kwa fedha za nje. Wenye kurasa za nguo za harusi, simu na vipodozi vya bei kubwa ndio waliozoea alama ya dola. Waifute.

Halafu kuna boda. Kwa duka dogo la mtandaoni, gharama ya kumfikishia mteja bidhaa ndiyo inayokula faida, na kubwa lake ni safari ya kwenda bure. Mteja wa Mbagala amesema atalipa akiona. Boda anafika, simu haipokelewi, anarudi. Umelipa nauli ya kwenda na kurudi, na kiatu kimezunguka mji mzima kikarudi na boksi lililokunjika. Kwenye faida ya elfu 16 kwa pea, safari moja ya namna hiyo inafuta faida ya pea nzima, pengine na nusu ya nyingine. Si tatizo la wadogo tu. Jumia, yenye mtaji wa kimataifa na iliyouza hisa zake New York, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Kenya, kampuni ya Copia, iliyoanza 2013 ikapewa na wawekezaji zaidi ya dola milioni 100 ili iwafikishie bidhaa watu wa vijijini na mitaa ya kipato cha chini, iliwekwa chini ya wasimamizi Mei 2024 baada ya kushindwa kupata fedha zaidi. Hao walikuwa na magari, maghala na wahasibu. Wewe una namba ya Juma wa boda. Basi mteja asiyekufahamu alipe nauli kabla boda hajawasha pikipiki, hata kama bidhaa yenyewe atailipia mlangoni. Asiyetaka kutoa elfu tatu ya nauli hakuwa mnunuzi. Na mzigo wa mikoani uupitishe kwenye ofisi ya basi au kampuni ya vifurushi inayotoa risiti yenye namba, si kwa kumbembeleza kondakta stendi. Kifurushi kikipotea kati ya Dodoma na Mwanza, bila ile risiti huna wa kumdai.

Tapeli sasa. Huyu nitampitia haraka kwa kuwa mbinu zake hazibadiliki sana. Ujumbe unaingia: umepokea shilingi 85,000, jina la mteja lipo, namba ya muamala ipo. Uangalie vizuri. Ujumbe wa kweli hutoka kwa jina la huduma yenyewe. Huu umetoka kwa namba ya kawaida ya simu, na salio linalotajwa mwishoni halilingani na lako. Mteja anapiga simu papo hapo, ana haraka, boda wake yuko nje, ana msiba. Dawa ni moja: salio liangalie kwenye menyu ya simu yako, si kwenye ujumbe wala kwenye picha ya muamala aliyokutumia. Namba ya tapeli iripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, kisha endelea na kazi. Mbinu ya pili ni ya anayelipa kweli, akapokea mzigo, halafu akapiga huduma kwa wateja kudai alikosea namba. Hii huwapata zaidi wanaopokea malipo ya biashara kwenye namba binafsi. Chukua Lipa namba kwa jina la biashara, na tunza maongezi ya oda mpaka angalau miezi miwili ipite.

Kwa anayewauzia Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis na kupokea malipo ya kadi, hatari hii ina sura nyingine. Mwenye kadi anaweza kuiambia benki yake kwamba hakupokea bidhaa, na kwa kawaida ana mpaka siku 120 za kufanya hivyo. Benki itakuuliza wewe uthibitisho, na usipokuwa nao fedha inarudi kwake. Kanga ilishavaliwa harusini, wewe huna kanga wala hela. Tuma vifurushi vya nje kwa huduma inayofuatilia mzigo mpaka unaposainiwa, na gharama hiyo iingie kwenye bei. Kwa Marekani, kumbuka pia kwamba tangu mwishoni mwa Agosti 2025 vifurushi vya chini ya dola 800 havipiti tena bila ushuru kama zamani. Mwambie mteja kabla, asije akakulaumu wewe pale atakapodaiwa na forodha ya kwao.

Nije kwenye kodi, na hapa naomba utulie. Watu wengi wanaouza kwa simu wanaamini hawaonekani. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye kibanda Tandika anayepokea noti haachi alama. Wewe kila muamala wako una tarehe, saa, jina na namba, na ukurasa wako unatangaza mwenyewe kwamba mzigo umeisha ndani ya saa mbili. Ukija kuulizwa, swali halitakuwa kama uliuza. Litakuwa kiasi gani.

Mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi shilingi milioni 100 anaweza kutozwa kodi kwa utaratibu wa makadirio, unaoangalia mauzo, si faida. Kuanzia mauzo ya zaidi ya milioni 11 mpaka milioni 100, kiwango ni asilimia 3.5 ya mauzo. Hapo ndipo lile salio lenye wenyewe wengi linapokugharimu. Tuseme mwaka mzima umeuza viatu vya shilingi milioni 60. Kodi ni 2,100,000. Lakini katika simu ile ile zimepita nauli za boda milioni 9, ambazo ulizipokea na kuzitoa bila kubaki na senti. Kwa anayesoma taarifa ya miamala, hiyo ni milioni 69, na kodi ni 2,415,000. Umelipa 315,000 kwa fedha iliyopita tu mikononi mwako. Ongeza na mchango wa harusi ya binamu, fedha za kikoba ulizoshika kama mweka hazina, na zile alizotuma kaka kwa ajili ya matibabu ya mama, zote kwenye namba ya biashara. Utaweza kueleza kila moja ni ya nini, miaka mitatu baadaye, bila daftari? Nauli ya boda mteja na amlipe boda mwenyewe. Na kumbukumbu zako zikae miaka mitano, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi inavyotaka.

Ukiletewa makadirio usiyokubaliana nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi, na pingamizi halipokelewi mpaka ulipe ile kodi usiyoibishia au theluthi moja ya iliyokadiriwa, ipi iliyo kubwa. Wengi wanajua haki ya kupinga, wachache wanajua hiyo theluthi. Ndiyo sababu nyingine ya kuwa na akiba ya kodi pembeni, hata elfu chache kila wiki. Na ukifika mahali pa kutakiwa kutoa risiti za mashine ya kodi, EFD, toa. Nawe unaponunua Kariakoo dai yako, kwa sababu mzigo usio na risiti unaweza kuzuiwa barabarani ukiwa mgongoni mwa boda, na boda hatakuwa na la kusema.

Kuna ushauri unaotolewa sana mitaani, kwamba ukitaka biashara iheshimike fungua kampuni. Taratibu. Utaratibu wa makadirio ni wa mtu binafsi. Kampuni hulipa asilimia 30 ya faida, inahitaji hesabu zilizothibitishwa na mhasibu mwenye sifa, na kila mwaka ina ritani kwa wakala wa usajili, BRELA, hata kama haikuuza kitu. Duka la mauzo ya milioni 40 litatumia fedha nyingi kwa makaratasi hayo kuliko kodi yenyewe. Sajili jina la biashara BRELA, pata TIN, ambayo hutolewa bure, chukua leseni kwenye halmashauri yako, na kampuni isubiri siku utakapokuwa na mshirika, mkopo mkubwa au mteja wa taasisi anayeihitaji. Ukikaribia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka unaingia kwenye VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18, na hapo tafuta mhasibu kabla hujaifikia, si baada. VAT usiyoitoza kwa mteja utaidaiwa wewe.

Kwa wasomaji wa Kenya mantiki ni ile ile ila tarakimu ni tofauti: kodi ya mauzo ni asilimia 3 kwa wenye mauzo kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 za Kenya kwa mwaka, VAT inaanzia milioni 5, na tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya eTIMS haihesabiki kuwa gharama mbele ya mamlaka ya mapato, KRA. Duka linalonunua mzigo bila ankara hiyo linalipia kodi faida ambayo halikuipata.

Bidhaa yenyewe nayo inaweza kuwa kesi. Neno "kopi" kwenye ukurasa wako ni ungamo la maandishi kwamba unauza bidhaa yenye nembo ya mtu bila ruhusa yake, na Tume ya Ushindani, FCC, ina mamlaka ya kuikamata na kuiteketeza. Vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 vipodozi na vyakula viko chini ya TBS, wakati dawa na vifaa tiba viko TMDA. Anayechanganya mafuta ya kung'arisha ngozi jikoni kwake akayaweka lebo na kuyaposti anavunja sheria, na anaweza kuharibu uso wa mtu. Fidia ya hapo haina makadirio. Wanaouza mitumba nao wakumbuke kwamba nguo za ndani za mitumba hazikubaliki. Kabla ya kuagiza bidhaa ya aina usiyoizoea, piga simu kwenye mamlaka husika uulize. Ni rahisi kuliko kuuliza ukiwa bandarini, gharama za ghala zikihesabiwa kwa siku.

Hatari mpya kuliko zote, ambayo wauzaji wengi hawajaitilia maanani, ni taarifa za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa Aprili 2024. Wewe una majina, namba za simu, nyumba watu wanakoishi, saizi ya nguo, picha za waliojaribu gauni. Ule mtindo wa kuposti maongezi ya mteja kama ushuhuda, namba ikionekana, au kumwanika mteja aliyekataa mzigo ili "ajifunze adabu", sasa una bei. Nairobi, Septemba 2023, ukumbi mmoja wa starehe uliamriwa na ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data kulipa shilingi milioni 1.85 za Kenya kwa kuposti picha ya mteja bila ridhaa yake. Omba ridhaa kwa maandishi, funika namba, na anayekudai au unayemdai mdaiane faragha.

Siku mambo yakikaza, utatafuta mkopo, na utakaopatikana kwa haraka ndio ghali kuliko yote. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Wenye programu hizi, pamoja na wakopeshaji wa mitaani wanaoitwa kausha damu, wana njia moja ya kudai: kuwapigia ndugu na marafiki zako wote walioko kwenye simu yako. Kwa mfanyabiashara wa mtandaoni hiyo ina maana ya kuwapigia wateja wako. Ukilazimika kukopa, kopa kwa mwenye leseni, na mkopo uingie kwenye mzigo ambao umeshauona ukitoka, wala usitumike kuwarudishia watu fedha za oda. Aliyefikia kukopa ili arudishe oda amalize kwanza hesabu na wateja wake mmoja mmoja, aombe muda, alipe kidogo kidogo. Wengi watakubali wakiambiwa ukweli mapema.

La mwisho ni ukurasa wenyewe, ambao si mali yako kama unavyodhani. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi. Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua. Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa Tanzania kwa siku kadhaa. Mwenye akiba ya wiki mbili za matumizi alikaa nyumbani akasubiri. Asiye nayo alikula fedha za oda. Orodha ya wateja wako iandike mahali pengine, kwenye daftari linalofungiwa kabatini, kwa sababu simu za kawaida na ujumbe mfupi vinaweza kufanya kazi pale intaneti isipofanya.

Na chunguza ukurasa umefunguliwa kwa namba na barua pepe ya nani. Mara nyingi ni ya mpwa aliyekuwa anajua mambo ya simu, au ya dada wa kazi aliyekuwa anajibu wateja. Siku akiondoka, anaondoka na wafuasi elfu ishirini na nywila. Badilisha namba iwe yako, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, weka uthibitisho wa hatua mbili, na kama mpwa huyo anastahili sehemu ya biashara, mwandikiane kiasi gani. Fanyeni hivyo wakati bado mnaelewana.